Alden Rustad, Aliyebaki Penye Mti

Mchungaji wetu, majirani wa Bonde la Tamarack, mliofanya kazi na marehemu katika idara ya barabara, wanachama wenzake wa chama cha shabaha, na ninyi mliokuja mkiwa bado mmevaa makoti ya rangi ya chungwa kwa kuwa ni msimu wa kuwinda, ukoo wa Rustad unawashukuru kwa kuuacha mlima mkaja kanisani. Mimi ni Corinne Rustad, binti wa Merle, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu marehemu hakuacha mtoto, na kwa sababu ukoo huu umebaki na watu wawili tu, mimi na mama yangu Ardis aliyekaa pale mbele, naye alishasema tangu Ijumaa kwamba hasomi. Nitasoma yaliyo kweli, hata yale ambayo kwa kawaida huachwa nje ya mlango wa kanisa, maana mnayajua, na mkiyasikia hapa ni afadhali kuliko mkiyanong'ona chini wakati wa kahawa.

Marehemu Alden Rustad alizaliwa tarehe 14 Februari 1938, katika shamba la babu lililo ukingoni mwa kijito cha Harlow, hapa Montana, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Nels Rustad na mkewe Signe, na baada ya miaka mitano akazaliwa Merle, hawakupatikana wengine. Bibi alikuwa akisema kwamba Alden alizaliwa akitazama na Merle alizaliwa akikimbia, na kwamba ukimtuma Merle kuleta maji utayapata nusu ndoo lakini mapema, ukimtuma Alden utayapata ndoo nzima lakini kiu itakuwa imekwisha. Walipendana ndugu hao, hilo halina ubishi, na walitaniana mpaka watu wazima, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hana akili kamili.

Alipata elimu ya msingi na ya sekondari katika shule ya Harlow Creek, akamaliza mwezi Juni 1956, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia bibi kwamba kijana huyu akipata jibu sahihi hafurahi, analirudia mpaka lipatikane mara tatu kwa namna moja.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha kuchapa gazeti la kila wiki la mji wetu, akawekwa kwenye mtambo uliokuwa ukiyeyusha madini na kuyamwaga kuwa mistari ya herufi, na hapo ndipo alipojifunza tabia za madini ya risasi, yanavyolainika, yanavyoganda, na jinsi yanavyobadilika yakichanganywa na bati na antimoni yakawa magumu na kung'aa. Mtambo ule ulipostaafishwa mwaka 1968, marehemu aliulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, akaomba yale madini ya zamani yote, wakadhani anatania, akaja na gari la babu akayabeba mpaka springi zikalala. Kuanzia hapo hadi alipostaafu mwaka 2000 aliendesha gari la kusukuma theluji la idara ya barabara, na wapo humu ndani ambao wangezaliwa njiani kama si yeye kufungua barabara alfajiri ile.

Alifunga ndoa tarehe 11 Juni 1966 na Bi. Nola Tveit, mwalimu wa shule, katika kanisa hili hili, lakini hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1975 Bi. Nola alihamia Spokane, akimwambia mama yangu kwamba aliolewa na mwanamume mmoja akajikuta anaishi na wawili, na yule wa pili hali wala halali. Leo ametuma maua, ni yale meupe, nasi tunamshukuru.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu mtu huyu hawezi kuelezwa bila risasi zake. Wengi mnajua, lakini kwa vijana mnaonunua kila kitu dukani niseme hivi: risasi ya dukani imevishwa koti la shaba, ile ya kusubu nyumbani, ya kuyeyusha madini na kuyamwaga mwenyewe, iko uchi, na iliyo uchi ukiisukuma kwa kasi hulegea ndani ya mtutu, ikapaka madini kwenye michirizi iliyochongwa humo, na shabaha ikatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ndiyo maana wazee wa bonde hili walikuwa na msemo kwamba risasi ya kusubu ama iende taratibu au iende popote. Marehemu aliukataa msemo huo, akasema kama kitu kinakwenda popote basi kuna sababu, na sababu inatafutwa. Alitumia yale madini magumu ya mtambo wa herufi, akaziangusha risasi zikiwa bado za moto kutoka kwenye kalibu, kile chombo kinachozipa umbo, moja kwa moja ndani ya ndoo ya maji baridi ili zizidi kuwa ngumu, akazivisha kisahani cha shaba kitakoni, akazipaka nta ya nyuki aliyoipika mwenyewe, akazipima zikae sawasawa kwenye koo la mtutu wake bila kuyumba, kisha akatafuta baruti iwakayo polepole, ile inayosukuma badala ya kupiga teke. Yenye mkunjo aliitupa, yenye kitako kilichomeguka hata kidogo aliirudisha chunguni, na baba yangu Merle alikuwa akisimama mlangoni mwa banda akimwambia kwamba hata fahali wetu hakukaguliwa hivyo siku ya kununuliwa.

Kiangazi cha mwaka 1971 alifika alikokuwa akienda. Risasi zake zilitoka kwa kasi ya futi elfu mbili na mia nne kwa sekunde, na kwa umbali wa yadi mia moja matundu matano yalifunikwa kwa sarafu moja ya robo dola, na mtutu ukabaki safi. Watu wa chama chake wanaojua maana ya hayo wanatikisa vichwa, nawaona. Lakini alikuwa amezipiga kwenye karatasi tu, na karatasi haina mfupa, akawa anangoja Novemba kwa hamu ambayo baba aliiita ya bwana harusi.

Jumamosi tarehe 6 Novemba 1971 ndugu hao wawili walipanda Mgongo wa Saddler, na karibu saa saba mchana marehemu alimpiga dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, lililokuwa limesimama mbele ya miti ya misonobari. Alimpiga pale alipokusudia. Ila risasi ilikuwa ngumu mno na ya kasi mno, ikapita ndani ya mnyama yule kama sindano inavyopita kwenye kitambaa, ikatokea upande wa pili na kuingia kwenye mti, na dume halikuanguka, liliruka likaingia msituni likiacha damu kidogo kwenye theluji. Sheria ya bonde hili, ambayo haijaandikwa popote na kila mmoja wetu amekua nayo, ni kwamba aliyemwaga damu ndiye anayeifuata. Marehemu hakuifuata. Aliuona mti, akaona tundu, na risasi ya kwanza maishani mwake iliyopiga kitu chenye uhai kwa kasi ile ilikuwa mle ndani, inangoja kutazamwa, akatoa kisu akaanza kuchimba. Baba akamcheka, akachukua bunduki yake mwenyewe, na maneno yake ya mwisho ambayo binadamu aliyasikia ni haya:

"Kaa na mchumba wako hapo. Mimi nafuata nyama, mmoja wetu ana familia ya kulisha."

Alichimba mpaka akaipata. Alisema ilikuwa kama ilivyotoka kwenye kalibu, alama za michirizi zimenyooka, hazijakwaruzwa wala kupakaa, ungeweza kuipiga tena. Akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena, na alipoinua kichwa theluji ilikuwa inaanguka nene na nyayo za mdogo wake zilikuwa zimefukiwa. Akaita. Akapiga risasi moja hewani, akasubiri. Kwetu sisi aliyepotea hupiga milio mitatu mfululizo, na anayemsikia humjibu kwa mlio mmoja. Hakusikia milio mitatu, wala mmoja, alisikia theluji tu, na anayejua theluji inavyosikika anajua ninachosema.

Bonde zima lilipanda mlima kumtafuta, na farasi, na mbwa, na baba zenu wengi walipata ganzi ya vidole ambayo hawakupona, na ukoo huu haujasahau. Masika yaliyofuata alipatikana yule dume, mifupa yake, mbali sana, ng'ambo ya pili ya kijito, hajaguswa kwa kisu. Merle Rustad hakupatikana, si kiatu, si kifungo cha koti, wala bunduki yake.

Mwezi Desemba mkuu wa polisi wa wilaya aliwaita watu katika ukumbi wa shule, akamhoji marehemu mbele ya wote, naye akajibu kila swali bila kupindisha. Kulikuwa na waliodhani kwamba alimpiga ndugu yake kwa bahati mbaya au kwa makusudi akamficha, na wapo waliodhani hivyo mpaka wiki iliyopita, sitawataja, mmekaa vizuri. Alipoulizwa ilikuwaje mtu achimbe mti muda wote ule bila kuinua kichwa, watu walitegemea aseme alichoka, au mguu ulimuuma, au hakujua kama hali ya hewa inabadilika, na mkuu wa polisi mwenyewe alikuwa karibu kumsaidia kupata jibu. Yeye akasema neno moja.

"Nilifurahi."

Mama aliinuka akatoka nje. Toka siku ile hakumsemesha marehemu tena, na waliishi wakitazamana dirisha kwa dirisha, shamba kwa shamba, miaka yote iliyobaki. Mahakama ilipotamka mwaka 1978 kwamba Merle ahesabiwe amekufa, mchungaji wa wakati ule alikuja nyumbani kupanga ibada, mama akampa kahawa na kipande cha keki, akamwambia hakutakuwa na ibada, wala jiwe, wala jina kusomwa kanisani Alden akiwa hai. Alisema mtu akipata kaburi anapata mahali pa kwenda kulilia, akilia anapata nafuu, na yeye hampi Alden nafuu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia. Nami pia sikupata kaburi, mama, na hilo halikuwa kosa langu, leo nimelisema mbele ya watu na sitalirudia.

Mlitegemea ayatupe makalibu yake mtoni, na wengi walichukizwa kwamba moshi uliendelea kutoka kwenye lile banda. Lakini marehemu aliona kwamba kosa lilikuwa na sehemu mbili, moja ilikuwa yake na nyingine ya risasi, na ile ya risasi alikuwa na uwezo wa kuirekebisha. Alitaka iende kwa kasi ile ile, ipige pale pale, lakini imwangushe mnyama aliposimama, ili asiwepo mtu wa kufuata damu kwenye theluji. Ukiilainisha inatawanyika, ukiikaza inapita bila kusimama, na kati ya hayo mawili alikaa miaka kumi na miwili. Mwishowe alisubu mara mbili ndani ya kalibu moja, kwanza pua ya madini matupu laini, halafu mwili mgumu juu yake kabla pua haijapoa, ikipoa mno haviungani, ikiwa ya moto mno vinachanganyika na kazi imeharibika. Mwaka 1983 alizipata, na hakufurahi, au kama alifurahi hakumwonyesha mtu. Kila vuli alizigawa bure kwa wawindaji wa bonde hili ndani ya makopo ya tumbaku, kwa sharti moja tu, kwamba ukimwaga damu uifuate wewe mwenyewe na usiende peke yako. Waliokuwa hawamsalimii mgahawani walimtuma mtu awachukulie kopo. Nyama ya bonde hili mmeila kwa mkono wake, sote tunajua. Yeye mwenyewe hakuwinda tena.

Mimi nilikuwa nakwenda kwake. Mama alijua, kwa sababu nilirudi nywele zikinuka moshi na nta, akaniosha kichwa. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho majirani mlikisikia tu. Ikifika Novemba baba mkubwa alikaa kwenye baraza lake kuanzia adhuhuri, amevaa koti, mlango wazi nyuma yake, nyumba ikipoa, na ghafla angenyanyua kidole akaniuliza kama nimesikia. Sikuwa nimesikia kitu. Alihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, kisha akachukua bunduki akapiga mlio mmoja kuelekea Mgongo wa Saddler, akakaa akisikiliza mpaka giza. Wageni waliohamia hapa walilalamika polisi, na polisi wakawaambia wamwache. Nami niseme ukweli wangu, mwaka mmoja, nikiwa msichana mkubwa, niliisikia ile milio mitatu. Huenda walikuwa wawindaji wa kawaida upande wa pili wa mlima. Sikumwambia mama, na sikulala vizuri kwa muda mrefu, na hata sasa Novemba ikifika nafunga madirisha mapema.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi 2017, figo, na daktari alipompima damu akakuta madini ya risasi mengi kuliko alivyowahi kuyaona kwa mtu anayetembea. Marehemu alimwambia kwamba akifa asichomwe moto, maana atamwagika na watapata kalibu nzima. Alilazwa mara kadhaa Missoula, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 19 Oktoba mwaka huu wa 2018, nikakaa naye. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu ukumbi ule wa shule.

"Baba mkubwa, nijibu kabla hujaondoka. Ulimpiga baba?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama risasi kutafuta mkunjo.

"Ningempiga, ningejua amelala wapi," akasema. "Watu wote waliniuliza hilo, Corinne. Mama yako peke yake ndiye hakuniuliza. Alijua nilichofanya."

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 2 Novemba 2018, saa tatu asubuhi, dirisha likiwa wazi kwa ombi lake, akiwa na umri wa miaka themanini. Nilipompigia mama simu aliniuliza kama huko Missoula kuna theluji. Nikamwambia hakuna. Akasema huku imeanza.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomvumilia mtu aliyeuliza kila sindano ina ukubwa gani, majirani walioleta kuni na vyakula hata kabla hatujatangaza msiba, wenzake wa idara ya barabara waliofungua njia ya makaburini leo alfajiri kwa gari alilokuwa akiliendesha yeye, chama cha shabaha kwa kumchimbia kaburi kwa mikono katika ardhi iliyoganda, na mchungaji kwa kukubali kwamba nisome yote haya.

Hapa ndipo historia yake ilipokuwa iishie. Lakini asubuhi hii nikiwa navaa viatu mama aliingia chumbani kwangu, amekwisha kuvaa, mkoba mkononi, akasimama mlangoni akaniambia, "Soma na ya baba yako. Sina tena wa kumnyima." Kwa hiyo nimeiandika jikoni, ni fupi, mniwie radhi.

Merle Rustad alizaliwa tarehe 30 Mei 1943 katika shamba lililo ukingoni mwa kijito cha Harlow, mtoto wa pili wa mzee Nels na Signe. Alisoma shule ya Harlow Creek, akamaliza mwaka 1961, akafanya kazi ya kukata miti na ya shamba. Alifunga ndoa na Ardis Lindahl tarehe 4 Septemba 1965, wakajaliwa mtoto mmoja, ambaye ndiye anayesoma. Alipenda kuimba akiendesha gari, alikula haraka, na alikuwa akinibeba mabegani ndani ya nyumba mpaka nikagonga kichwa kwenye kizingiti cha jikoni, mama amenikumbusha leo, mimi nilikuwa nimesahau. Hakuugua. Alifariki tarehe ambayo hatuijui, mahali ambapo hatupajui, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Hakuna daktari wa kumshukuru, hakuna muuguzi, hakuna aliyemfumba macho.

Mama anaomba msimame, kwa kuwa kwake hatukuwahi kusimama. Marehemu Alden, marehemu Merle, pumzikeni sasa, kwa amani, ninyi nyote wawili.